Saa 160 Nje ya Mashine

Wiki ina saa 168, na figo zenye afya hufanya kazi saa zote hizo, bila Jumapili wala sikukuu. Anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, anapata saa 12. Anayesafishwa mara mbili anapata saa 8, na hivyo ndivyo walivyoishi maelfu ya Wakenya katika miaka ambayo bima ya afya ya taifa, NHIF, ilikuwa ikilipia vipindi viwili kwa wiki, kabla haijaipisha mamlaka mpya, SHA, Oktoba 2024. Saa 160 zilizobaki mwili unajitegemea. Sasa watazame wagonjwa wawili wa namna hiyo waliokaa viti vya jirani katika chumba kimoja cha dayalisisi. Mashine zao ni za aina moja, vichujio vimetoka katika boksi moja, muuguzi ni yule yule, na wameunganishwa na kuachiwa kwa dakika zile zile. Mmoja akimaliza anapanda matatu mwenyewe na kesho yake yuko dukani. Mwenzake anatoka ameshikwa mkono, kesho yake anashinda kitandani, na haitashangaza mtu ikiwa baada ya miezi michache kiti chake kitakaliwa na mwingine. Ndugu wa huyu wa pili watasema mashine yake ni mbovu. Wahudumu, wakiwa peke yao, watasema mgonjwa ni mkaidi. Mara nyingi pande zote mbili zinakosea. Tofauti ya wagonjwa hawa imeanzia katika vitu walivyokuja navyo kitini, yaani mkojo uliobaki, mshipa, moyo na nyama ya mwili, na imekuzwa na yale yanayowapata katika zile saa 160. Namba inayoandikwa kwenye faili kuonyesha kwamba damu imesafishwa vizuri haiyaoni mambo mengi kati ya hayo.

Namba yenyewe inastahili kuelezwa, kwa sababu si ya kubezwa. Kazi ya kichujio ni kupitisha damu upande mmoja wa utando mwembamba na maji maalumu upande wa pili, ili takataka zivuke kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Willem Kolff alifanya hivyo Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya Wajerumani, kwa kutumia selofeni iliyotengenezwa kuvalisha soseji na kuizungusha kwenye pipa la mbao. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki. Mwaka 1945 ndipo mwanamke wa miaka 67 alipozinduka kutoka kwenye koma baada ya kusafishwa. Wakati huo swali lilikuwa moja tu, atapona au atakufa. Swali la kiasi gani cha usafishaji kinatosha lilikuja baadaye, watu walipoanza kuishi miaka mingi kwenye mashine. Huko Marekani utafiti wa kitaifa wa watu wapatao 160, uliochapishwa mwaka 1981, ulionyesha kwamba wenye urea nyingi katika damu, ambayo ni mojawapo ya takataka hizo, walilazwa hospitalini zaidi. Mwaka 1985 Frank Gotch na John Sargent wakaichambua upya takwimu hiyo na kutoa kipimo kinachotumika hadi leo duniani kote, kinachoandikwa Kt/V. K ni mililita za damu zinazotakaswa urea kila dakika, t ni muda, na V ni maji yote yaliyomo mwilini. Kwa mgonjwa wa mara tatu kwa wiki, kiwango cha chini kinachokubalika kwa kipindi kimoja ni 1.2.

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kufanywa. Tuseme kichujio kinatakasa mililita 200 kwa dakika kwa dakika 240. Hizo ni lita 48. Mwanamume wa kilo 95 mwenye lita 50 za maji mwilini anapata 48 kugawanya kwa 50, yaani 0.96. Hajafikia kiwango, na ili afike 1.2 lazima akae saa tano. Mwanamke wa kilo 48 mwenye lita 25 za maji anapata 1.92 kwa kipindi kile kile. Hapa kipimo kimefanya kazi nzuri, kimetuambia kwamba saa nne za mtu mmoja si saa nne za mwingine, na kwamba kituo kinachompa kila mgonjwa saa nne kwa sababu ndivyo ratiba ya zamu ilivyopangwa kinawapunja wenye miili mikubwa. Lakini tuendelee na mwanamke yule. Tuseme hali chakula cha kutosha, anakonda, anapoteza kilo sita za nyama, na maji ya mwili wake yanashuka hadi lita 22. Mashine haijabadilika, ila namba yake sasa ni 2.18. Faili linasema anasafishwa vizuri kuliko mwaka jana. Mtu anakwisha, na kipimo kinapanda kwa sababu ile ile inayomwua. Huu si mchezo wa hesabu. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba katika dayalisisi wenye miili mikubwa mara nyingi huishi zaidi ya wembamba, kinyume cha tulivyozoea kusikia kuhusu unene, na kwamba kushuka kwa albumini, aina ya protini, katika damu ni moja ya dalili za hatari kubwa kabisa kwa mgonjwa wa figo, hata Kt/V yake iwe ya kupendeza.

Jaribio lililopaswa kumaliza mjadala lilichapishwa Marekani mwaka 2002, likijulikana kwa jina la HEMO. Wagonjwa 1,846 waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa kipimo cha kawaida cha usafishaji na nusu wakapewa kikubwa zaidi. Vifo havikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Wapo waliolisoma jaribio hilo kama ushahidi kwamba kiasi cha dayalisisi hakina maana, na hilo ni kosa, maana hakuna aliyepewa kilicho chini ya kiwango kinachokubalika. Nionavyo mimi, lilionyesha jambo jingine. Ukishavuka kiwango cha chini, urea inaacha kuwa shahidi mzuri. Molekuli yake ni ndogo, inavuka utando upesi, na inapimika kwa bei nafuu, ndiyo maana tuliichagua. Takataka nyingine hazina wepesi huo. Fosfeti imejificha ndani ya seli na hutoka taratibu, na protini kubwakubwa zinazojikusanya kwenye viungo hazipiti kabisa kwenye baadhi ya vichujio. Anayefagia ukumbi anajua kwamba vumbi la katikati huondoka kwa mifagio michache, lakini lililo chini ya makabati halijali umefagia kwa nguvu gani, linataka muda. Ndiyo sababu nusu saa hadi saa moja baada ya mashine kuzimwa, urea katika damu hupanda tena kidogo, ikirudi kutoka kwenye misuli ambako damu ilikuwa haifiki vizuri. Tena, kituo kikipima damu wakati pampu bado inakwenda kasi, sampuli huweza kuchanganyika na damu iliyotoka kusafishwa, na kinapata namba nzuri kuliko ukweli. Muuguzi makini hupunguza pampu hadi mililita 100 kwa dakika, akasubiri sekunde 15, ndipo akachukua sampuli. Sekunde hizo 15 zimewahi kuokoa faili nyingi kutoka kwenye uongo.

Muda una kazi nyingine ambayo Kt/V haiigusi hata kidogo, nayo ni kutoa maji. Asiyekojoa hubaki na karibu kila anachokunywa, ukiondoa jasho, pumzi na choo. Tuseme amekuja na kilo tatu za ziada na uzito wake mkavu, yaani ule anaotakiwa kuwa nao asipokuwa na maji ya kuzidi, ni kilo 60. Kutoa lita tatu kwa saa nne ni mililita 12.5 kwa kila kilo kwa saa. Akiomba ashushwe baada ya saa tatu kwa sababu gari linaondoka, kiwango hicho kinapanda hadi 16.7. Uchambuzi wa Marekani wa mwaka 2011 ulihusisha viwango vinavyozidi 13 na ongezeko la vifo, hasa vya moyo. Sababu si ya kutafuta mbali. Sehemu ya majimaji ya damu ya mtu mzima ni kama lita tatu tu, hivyo kutoa lita tatu ni kama kuikausha yote na kutegemea kwamba maji yaliyovimbisha miguu na mapafu yatarudi mshipani kujaza nafasi. Hurudi, lakini kwa mwendo wake. Ukiyatangulia, presha inaanguka, misuli inakaza, mgonjwa anatapika, na moyo unakosa damu kwa dakika chache. Dakika chache hizo, mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima, huacha kovu. Huko Tassin, jirani na Lyon, Ufaransa, madaktari waliendelea kwa miongo kadhaa na utaratibu wa zamani wa saa nane mara tatu kwa wiki, na sehemu kubwa ya wagonjwa wao walidhibiti presha bila dawa. Mtu anaweza kusema Tassin hapakuwa na kura ya kugawanya wagonjwa, na atakuwa sahihi. Hata hivyo kanuni ya maji na muda haihitaji kura ili ieleweke.

Halafu kuna mapengo. Mgonjwa wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ana pengo moja refu, la kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Mwaka 2011 ulitoka uchambuzi wa wagonjwa 32,065 wa Marekani. Siku inayofuata pengo refu, vifo vilikuwa 22.1 kwa kila watu 100 kwa mwaka, na siku nyingine vilikuwa 18.0. Potasiamu na maji hujikusanya kimyakimya mwisho wa wiki, moyo unalipa Jumatatu. Ratiba hii ya mara tatu haikutokana na jaribio lolote lililoonyesha kwamba ndiyo inayoufaa mwili. Ni maafikiano kati ya figo na kalenda ya watu wanaofanya kazi. Turudi sasa kwa mgonjwa wa mara mbili. Akienda Jumatatu na Alhamisi, mapengo yake ni ya siku tatu na nne. Lile pengo refu la siku tatu linaloogopwa Marekani ndilo pengo lake fupi, na kila wiki hukutana na jingine refu zaidi yake.

Hapo ndipo hutolewa pingamizi ninalolisikia likisemwa kwa sauti ya uchovu, kwamba tatizo ni nidhamu. Mgonjwa kaambiwa asizidishe maji, anarudi na kilo tano, sasa afanyweje? Pingamizi hili lina ukweli, lakini limeanzia mwisho wa hadithi. Kiu si tabia, ni amri ya damu yenye chumvi. Kwa kila gramu nane au tisa za chumvi zinazobaki mwilini, mwili utatafuta lita moja ya maji ili kuirudisha damu katika uwiano wake, na hakuna ushauri utakaoishinda amri hiyo kwa muda mrefu. Anayekula ugali na mboga zilizoungwa kwa viungo vya pakiti, papa mkavu, chipsi za jioni na supu ya asubuhi amekwisha kuamua atakunywa kiasi gani kabla hajagusa kikombe. Kumwambia apunguze maji bila kumwambia apunguze chumvi ni kumtesa bure. Mwenye kisukari ana kiu ya pili inayotokana na sukari. Isitoshe, wakati mwingine chumvi hiyo imetoka kituoni penyewe, pale maji ya mashine yanapopandishwa sodiamu ili presha isianguke. Presha inatulia kweli, mgonjwa anakwenda nyumbani na kiu ya watu wawili, kesho kutwa analaumiwa kwa kilo zake. Na juu ya yote, yule jirani yake anayesifiwa kwa nidhamu huenda anakunywa zaidi yake, ila anakojoa.

Mkojo huo, nusu lita, robo lita, hata kidogo kuliko hapo, ndio ninaouona kuwa jambo zito kuliko yote katika makala haya. Figo iliyochoka ambayo bado inatoa mkojo inafanya kazi saa 168, na inatoa yale ambayo mashine haiyawezi vizuri, yakiwamo maji ya kila saa, fosfeti, potasiamu na zile protini kubwa. Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka kwa wanaosafishwa kwa njia ya tumbo, ambapo maji maalumu huingizwa tumboni na utando wa tumbo ndio unaokuwa kichujio. Katika utafiti wa Kanada na Marekani uitwao CANUSA, iliaminiwa mwanzoni kwamba usafishaji wote ni sawa, uwe wa figo au wa tumbo, unajumlishwa tu. Takwimu zilipochambuliwa upya mwaka 2001 ilionekana kwamba kila mililita 250 za mkojo kwa siku ziliambatana na kupungua kwa hatari ya kifo kwa asilimia 36, huku usafishaji wa tumbo wenyewe ukiwa hauonyeshi tofauti hiyo. Mwaka uliofuata, Mexico, wagonjwa 965 waligawanywa kwa kura katika jaribio la ADEMEX, kundi moja likaongezewa usafishaji wa tumbo. Hawakuishi zaidi. Kwa hiyo lita moja ya figo na lita moja ya kichujio haziwi sawa kwa sababu tu zimeandikwa kwa kipimo kimoja.

Msomaji mwerevu ataniuliza, kama saa ndizo zinazohesabika, basi tusiwaongezee wote saa? Majibu ya majaribio yanataka uangalifu. Mwaka 2010 wagonjwa 245 walilinganishwa, wengine wakisafishwa mara sita kwa wiki mchana na wengine mara tatu kama kawaida. Wa mara sita mioyo yao ilipungua unene na afya yao ikawa bora, ingawa mishipa yao ilihitaji matengenezo zaidi. Jaribio dada, la watu 87, baadhi wakisafishwa nyumbani usiku mara sita na wengine mara tatu, halikuonyesha faida hiyo. Baya zaidi, wengi wa kundi la mara sita walipoteza mkojo wao haraka, na walipofuatiliwa miaka ya baadaye vifo vilikuwa vingi kwao. Jaribio lilikuwa dogo na sitaki kulibebesha mzigo mkubwa, lakini linakubaliana na mengine tuliyoyaona. Anayekojoa vizuri akifanyiwa dayalisisi kupita haja yake anaweza kuua kile kilichokuwa kikimweka hai, kwa presha kuanguka mara kwa mara na figo kukosa damu. Asiyekojoa hana cha kupoteza na anahitaji kila saa atakayoipata. Kwa sababu hiyo vipindi viwili kwa wiki vinaweza kuwa tiba nzuri kwa mmoja, na kwa mwingine vikawa kufa kidogokidogo. Mfuko wa bima unaoweka idadi moja kwa wote, iwe mbili au tatu, unadhani umetenda haki. Mkojo una njia nyingine za kupotea ambazo hazipiti hospitalini kabisa. Diklofenaki na ibuprofeni zinazouzwa duka la dawa bila cheti, kwa ajili ya mgongo au goti, zinaweza kumaliza mililita 300 zilizobaki, na muuzaji hana habari kwamba mteja wake ana ugonjwa wa figo.

Mshipa nao. Mashine inahitaji damu inayotoka kwa kasi ya mililita 300 hivi kila dakika, na hakuna mshipa wa kawaida wa mkono unaotoa kiasi hicho. Kabla ya 1966 wagonjwa walitegemea mirija iliyochomoza nje ya ngozi. Mwaka huo James Cimino na Michael Brescia wa New York, pamoja na mpasuaji Kenneth Appel, walieleza jinsi ya kuunganisha ateri na vena kwenye kifundo cha mkono, ili vena ivimbe na kuimarika. Hiyo ndiyo fistula, na miaka sitini baadaye haijapata mpinzani. Mwenye nayo hupata damu nyingi na maambukizi machache. Mwenye katheta shingoni ana mlango ulio wazi kwa bakteria hadi karibu na moyo, na mara nyingi katheta hiyo inapoziba nusu, damu iliyokwisha kusafishwa huvutwa tena na kuzunguka pale pale, mashine ikionyesha mwendo mzuri na mgonjwa hapati kitu. Tatizo ni kwamba fistula huchukua wiki kadhaa kukomaa, mara nyingi sita au zaidi, na wagonjwa wetu wengi hufika hospitali kwa mara ya kwanza wakiwa wamevimba uso na wanahema. Hapo hakuna cha kusubiri, katheta inawekwa siku hiyo hiyo, kisha inazoeleka. Mwenye fistula anafundishwa kuipapasa kila asubuhi. Chini ya ngozi kuna mtetemo kama wa paka anayekoroma. Siku usipousikia, nenda hospitali siku hiyo, usingoje zamu yako. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu, haulaliwi, wala haubebeshwi ndoo.

Kuhusu chakula nitasema jambo moja ambalo husababisha madhara kwa nia njema. Kabla ya kuanza dayalisisi mgonjwa wa figo huambiwa apunguze protini ili urea isipande. Akishaanza, ushauri unageuka, anatakiwa ale gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, maana mashine yenyewe hunyang'anya sehemu ya asidi amino kila kipindi. Lakini ile karatasi ya kwanza bado imebandikwa kwenye friji, na mama mwenye nyumba bado anamnyima samaki na mayai kwa upendo wote. Anayenyimwa hivyo ndiye yule mwanamke wa lita 22. Potasiamu inabaki kuwa adui wa haraka zaidi, na dafu moja alilonunua njiani mtu asiyekojoa, siku ya tatu ya pengo lake, si kitu cha mzaha. Viazi na ndizi za kupika zikikatwa vipande vidogo, zikachemshwa kwa maji mengi na maji hayo yakamwagwa, hupungua potasiamu kwa kiasi cha kufaa. Mchuzi wake ndio usinywewe.

Maji yanayopita upande wa pili wa kichujio ni mililita 500 kwa dakika, lita 120 kwa kipindi, na yametengwa na damu kwa utando tu. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru, Brazili, maji ya bwawa yenye sumu ya mwani yalifika kwenye mashine bila kusafishwa ipasavyo na kuua wagonjwa zaidi ya 50 kwa kuharibu ini. Kosa la maji halichagui mgonjwa, huwapata wote wa chumba kimoja, na kwa hiyo halielezi kwa nini wawili wa viti vya jirani wanatofautiana. Ninalitaja kwa sababu uchafu mdogo usioua, wa mabaki ya bakteria, huchochea mwili kuvimba ndani kwa ndani, na anayeumia kwanza ni yule aliyekuja amekonda.

Wapo wanaosema kwamba yote haya ni kujifariji, kwamba jawabu ni mashine bora. Mwaka 2023 walipata silaha yao. Jaribio la CONVINCE, lililofanyika Ulaya kwa wagonjwa 1,360, lilionyesha kwamba njia ya kuchuja inayovusha takataka pamoja na maji mengi kwa msukumo ilipunguza vifo, asilimia 17.3 dhidi ya 21.9 kwa waliotumia vichujio vya kawaida vya kisasa. Sina sababu ya kulipinga, ni ushindi mkubwa kuliko wowote ambao mashine imeupata kwa miaka mingi. Ila soma nani waliingizwa. Walikuwa watu ambao mishipa yao ingeweza kutoa damu ya kutosha kuvusha lita 23 hivi kila kipindi, katika vituo vyenye maji safi kuliko kawaida. Mashine bora ilimfaa aliyekuwa na fistula nzuri. Mpeleke mgonjwa wa katheta iliyoziba nusu kwenye mashine hiyo na tumerudi tulikotoka.

Pingamizi la mwisho ni zito zaidi, na sina jibu lake kamili. Huenda mkojo, mshipa mzuri na mwili wenye nyama ni alama tu za mtu ambaye tangu mwanzo hakuwa mgonjwa sana. Mwenye kisukari cha miaka 20 ana mishipa iliyokakamaa ambayo fistula haishiki, moyo uliochoka na mkojo unaokauka mapema, na angekufa mapema kwa mashine yoyote. Ni kweli kwa sehemu, na uchunguzi wa kufuatilia watu bila kura hauwezi kutenganisha kabisa kisababishi na alama. Lakini hata kama ni alama tu, ni alama zinazompa daktari kazi ya kufanya leo, wakati umri wa mgonjwa haumpi kazi yoyote. Pia si zote zinazotokana na ugonjwa. Kukatisha kipindi kwa sababu ya nauli, kuruka wiki kwa sababu ya fedha na kuanza kwa katheta kwa kuchelewa kupimwa hakumo katika figo. Mapitio ya tafiti za Afrika kusini mwa Sahara yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuta kwamba wengi walioanza dayalisisi kwa ugonjwa sugu waliiacha baada ya muda mfupi, sababu kuu ikiwa gharama.

Kati ya vipimo vyote vilivyotajwa hapa, kimoja hakihitaji mashine. Mgonjwa anapewa dumu safi la lita tano siku anapotoka kwenye kipindi. Kuanzia hapo, kila mkojo unaingia humo, mchana na usiku, hadi anaporudi kiti chake. Wahudumu wanapima umejaa kiasi gani na kuangalia urea yake, wanalinganisha na damu iliyochukuliwa siku hiyo, na wanajua figo zake zimefanya kazi gani katika saa ambazo hakuna aliyekuwa akimwangalia. Kinarudiwa kila baada ya miezi michache, kwa sababu mkojo huo hupungua. Katika mafaili mengi Kt/V ipo, imepigiwa mstari, na nafasi ya mkojo iko wazi. Wengine hawajawahi kuulizwa hata kwa mdomo kama bado wanakojoa, na aliyeulizwa siku ya kwanza alijibu ndiyo, miaka mitatu iliyopita.